Mitume kwa Pumzi Moja

Mashine ya kupima pumzi iliposhushwa kutoka kwenye lori mbele ya zahanati, huko juu kwenye vilima vya Masisi, Védaste aliipenda kabla hajajua inafanya nini. Ilikuwa pipa la bati lililojaa maji, na ndani yake pipa dogo lililopinduliwa, likielea. Mtu anapuliza kwenye mpira, pipa dogo linapanda, na penseli iliyofungwa ubavuni inachora mstari kwenye karatasi. Mwenye mapafu mazima anachora kilima. Mwenye mapafu mabovu anachora kichuguu. Daktari alimwonyesha mara mbili. Akamwambia kuwa kifua kikuu kimeanza kuchagua vijana, kwa hiyo vijana wote wa parokia, kuanzia miaka kumi na minne hadi ishirini, wapimwe kabla ya Jumamosi ya wiki inayofuata. Kisha akapanda lori lake, akaenda zake.

Hapo ndipo mapenzi yalipoanza kuchacha. Kila kijana alitakiwa apulize mara tatu, ihesabiwe ile iliyo bora, na kati ya kijana mmoja na mwingine mdomo wa mpira uchemshwe jikoni. Mmoja alicheka katikati ya kupuliza. Mwingine alivuta badala ya kupuliza, akanywa maji ya pipa. Wa tatu alijaza mashavu mpaka macho yakamtoka, na pumzi yote ikapitia puani. Siku ya kwanza Védaste alipima kumi na tisa, siku ya pili ishirini na mmoja. Waliobaki walikuwa mia tatu na zaidi, na wote walikuwa wameacha palizi ya maharagwe ili wakae kwenye nyasi za zahanati wakingoja. Mama zao walianza kuulizana kwa sauti kama munganga anapima watoto ama anawapika.

Munganga ndivyo walivyomwita, kama wanavyomwita yeyote mwenye koti jeupe na sindano. Alikuwa mtoto wa vilima hivyohivyo, mwaka huo wa hamsini na nne akiwa na miaka thelathini na mitatu, mke mmoja na binti mmoja, Rosalie. Kazi aliijua. Kasoro yake ilikuwa kwamba hakuna kitu kilichomtesa kuliko mstari wa watu wanaosubiri. Methali ya haraka na baraka kila mtu anaijua, Védaste naye aliijua, tena alikuwa akiwaambia wengine.

Wazo lilimjia asubuhi ya Jumapili kanisani. Watoto wa katekisimu walikuwa wakitaja mitume kumi na wawili kwa sauti moja, kama kila Jumapili, na nyuma yao mzee Grégoire, ambaye kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, alikuwa akijaribu kuwafuata. Grégoire alifika kwa Bartolomayo, akakatika, akavuta hewa, akawakuta wenzake wameshafika kwa Simoni. Védaste alikaa wima kwenye benchi. Hakusikia tena neno lolote la mahubiri.

Siku iliyofuata aliwaita wale arobaini aliokwisha kuwapima. Akachukua kopo tupu la maziwa na kijiko. Kila pigo la kijiko, jina moja la mtume, kwa pumzi moja tu, ukimaliza kumi na wawili unaanza upya. Pigo likipita bila jina, pumzi yako imeisha. Akalinganisha hesabu zake na karatasi za mashine. Waliopita majina ishirini walikuwa wamechora vilima, waliokwama kabla ya kumi na mbili walikuwa na vichuguu. Kati ya arobaini, wawili tu hawakulingana. Njia yenyewe haikuwa ya kijinga, hilo lisemwe. Na juu ya jalada la daftari lake Védaste aliandika kwa mkono wake mwenyewe: watakaokwama wapelekwe kwenye mashine, wapulize mara tatu. Angeyafuata maneno hayo, hadithi hii isingekuwepo.

Jumanne alipima mia moja na sitini. Watu walifurahi, maana hakuna aliyepotea njiani kwa mitume. Hata wavivu wa katekisimu waliwajua. Jumatano asubuhi akaja mjumbe kwa baiskeli, akasema Daktari anapita kesho mchana, si Jumamosi, na anataka orodha iwe tayari, kwa sababu anaendelea Walikale. Védaste alitazama umati uliobaki, akatazama mashine iliyokaa pembeni na maji yake, akaanza kupiga kopo.

Mbele ya mstari alisimama Kanyamibwa na fimbo yake, akiweka utaratibu. Alikuwa mkubwa wa kanisa la kilima chao, mwenye ng'ombe, mrefu, mpole wa maneno. Padri alimbatiza Filipo, na watu wengi walimwita Papa Filipo. Mwezi uliotangulia alikuwa amepeleka ng'ombe wa mahari kwa jirani yake Nzabandora, mkulima wa maharagwe na muhogo, ili mwanawe Evode amwoe Verdiane, binti wa Nzabandora. Harusi ilikuwa ifanyike baada ya Noeli.

Verdiane alikuwa na miaka kumi na saba. Kama kuna sauti iliyojulikana katika bonde lile, ni yake. Mama yake alipotaka jembe lililosahauliwa ng'ambo ya mto, alimtuma Verdiane aite, na jembe likaja. Védaste mwenyewe alikuwa ameisikia sauti hiyo mara nyingi akiwa kitandani asubuhi, ikiita kutoka kilima kimoja hadi kingine.

Zamu yake ilipofika alikuja mbele, akaweka mikono nyuma, akatazama chini. Kanyamibwa alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

"Vuta pumuzi, mutoto yangu," Védaste alisema. "Anza."

"Petro. Andrea. Yakobo. Yohane."

Kijiko kikagonga pigo la tano. Kimya.

"Basi! Ine," Védaste akasema, huku mkono ukiandika. "Mwenye kufuata!"

Nyuma ya sauti yake mwenyewe alisikia kitu, mwanzo tu wa neno, "Ba..." na kikakatika, kwa sababu kijana aliyefuata alikuwa ameshamsukuma. Verdiane alisimama kidogo. Alimtazama Védaste, akamtazama Kanyamibwa, akainamisha kichwa akaondoka. Védaste alisikia ile "Ba", na tuseme wazi tangu sasa kwamba aliisikia, kwa sababu yeye mwenyewe alitumia wiki nzima akijiambia kwamba hakusikia. Mkononi alikuwa na majina sabini mengine. Kanyamibwa alikuwa amesikia pia, lakini alichosikia yeye ni ile hesabu. Akaivuta fimbo yake karibu na mguu.

Waliokwama walikuwa ishirini na saba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetiwa hesabu ndogo kama ya Verdiane. Hawakupelekwa kwenye mashine. Muda haukuwepo. Daktari alifika Alhamisi, akafungua daftari, akauliza mara mbili kama ni kweli, mia tatu kwa siku mbili, kisha akamshika Védaste mkono mbele ya watu wote na kumwita mtu mwenye akili. Jalada hakulisoma. Aliacha amri kwamba wale ishirini na saba wale na kunywa kwa vyombo vyao peke yao mpaka mwezi wa pili wa mwaka unaofuata, watakapopelekwa hospitali kubwa kupigwa picha ya kifua.

Nani asiyejua maana ya amri hiyo kwenye vilima vile? Watu wa pale hunywa kutoka chungu kimoja. Kasiksi, pombe ya ndizi, inawekwa katikati, na mirija inapita kutoka mdomo hadi mdomo. Anayepewa mrija wa jirani ameambiwa kwamba yeye ni mtu. Jumapili iliyofuata, kwa jirani yao Léonard aliyekuwa amemaliza nyumba mpya, Védaste alimwona Verdiane amekaa mwisho wa mkeka na kibuyu kidogo na mrija wake. Mama yake, Emérita, alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye mrija huo, ili usichanganyike na mingine. Evode alikuwa upande wa pili, anatazama miguu yake. Watu waliongea na Verdiane vizuri, kwa upole kabisa, kwa upole ule wa kuongea na mgonjwa.

"Pole, dada," walimwambia. Naye alijibu asante.

Siku tatu baadaye Thacienne, mke wa Védaste, alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo, naye Védaste akimsimulia kwa mara ya nne jinsi Daktari alivyomshika mkono. Thacienne alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Alitoa jiwe kwenye ungo, akalitupa.

"Papa Rosalie, ile Verdiane ulimuandika ngapi?"

"Ine."

"Alikatikia kwa nani?"

Védaste akahesabu kwa vidole. "Kisha Yohane. Njo pale."

"Na kisha Yohane kuko nani?"

Alifungua mdomo amjibu, na jina la Filipo likamkwama yeye mwenyewe. Thacienne hakuinua macho.

"Ngombe imeshafika kwao. Atataja namna gani jina ya bwana-mukwe yake? Tena mbele yake, na ile fimbo? Alikuwa anaruka pigo moja tu, kwa heshima, halafu aendelee. Sisi wote tunafanyaka vile. Mimi nilikuja hapa kwenu, papa yako alibatizwa Matayo. Miaka kumi na moja niko nasali mitume kumi na moja tu, mu kanisa, pembeni yako. Haukusikiaka?"

Hakuwahi kusikia. Miaka kumi na moja alikuwa amepiga magoti kando ya pengo hilo bila kulisikia. Alihisi joto likipanda kutoka shingoni hadi masikioni, akakumbuka ile "Ba" iliyokatika. Bartolomayo. Mtoto alikuwa na pumzi, alikuwa anaendelea na safari yake, na yeye ndiye aliyemfungia njia.

"Kesho asubui nitaenda kwao," alisema.

"Nenda leo. Ile uliandika, wewe mwenyewe utaifuta."

"Kesho, Mama Rosalie. Na mashine. Niende na kitu mu mukono."

Asubuhi kabla hajafunga mashine kwenye machela, barua ya Daktari ilifika. Njia ya mitume, iliandikwa, ingepelekwa Walikale kwa vijana wote wa huko, na Védaste ndiye atakayeifundisha. Ataanzia Ntoto. Cheo kinapanda, na kuna nyumba ya matofali yenye madirisha ya vioo. Védaste aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena amekaa. Kisha akaanza ile kazi ambayo moyo wa mtu huifanya haraka kuliko kijiko chochote. Akisema leo kwamba njia ina tundu, nani ataiamini kesho? Na wale vijana wa Walikale, wenye ugonjwa wa kweli, si watachelewa kuonekana? Na mwezi wa pili si karibu? Picha itamsafisha Verdiane bila mtu yeyote kuaibika. Sababu zote zilikuwa nzuri, zimevaa vizuri, na kila moja ilikuwa na vioo vya dirisha machoni.

"Uliisha kwenda?" Thacienne aliuliza jioni.

"Picha itasema."

Thacienne alimfungia nguo zake na viazi vya njia, na alipoulizwa atafuata lini alisema maharagwe hayajivuni yenyewe. Mume alielewa vizuri kwamba si maharagwe.

Ntoto iko chini, mahali milima inapoishia na msitu wa Walikale kuanza. Watu walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo, wakarimu, na walimpa Védaste chumba na samaki wa mtoni. Siku ya kwanza ya kupima, kabla hajagonga kopo, alijikuta akisema maneno ambayo hakuwa ameyapanga.

"Kama kuko jina mu hii mitume haiwezi kutoka mu kinywa yako, juu ya bakwe zako, usione haya. Pale useme tu 'Papa', na uendelee."

Vijana wakacheka, wakubwa wakatikisa vichwa kwa furaha. Mchana alikuja msichana mmoja aliyezaliwa Masisi na kuolewa Ntoto. Mara mbili alisema "Papa" mahali pa Simoni, akafika majina ishirini na sita. Mzee wa mtaa alimshika Védaste bega, akamwambia hajawahi kuona munganga mwenye kuheshimu desturi namna hiyo. Védaste alishukuru. Alikuwa ameziba tundu kwa watu wa Ntoto wasiomjua, na yule wa nyumbani, aliyemfundisha lilipo, amemwacha kwenye mwisho wa mkeka na uzi mwekundu. Aliona haya, na haikuwa haya ya kuonwa na watu, maana watu walikuwa wanamsifu. Alianza barua kwa Nzabandora mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilimlaumu Daktari, ya tatu aliifanya kiwashio cha moto.

Wiki ziliisha hivyo. Siku chache kabla ya Noeli alipita Ntoto mfanyabiashara wa chumvi na samaki wakavu, Séraphin wa Bweremana, kutoka kando ya ziwa. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi, akamnunulia Védaste kinywaji.

"Munganga, tufurahie pamoja! Mutoto ya kaka yangu, Céline, amepata bwana kule kwenu. Evode, mutoto ya Kanyamibwa. Bantu bazuri, bako na ngombe."

"Evode ana muchumba," Védaste alisema.

"Alikuwa naye. Ile ingine banasema iko na kifua. Kanyamibwa alingoja, maskini, alingoja sana, lakini nani ataingiza kikohozi mu nyumba yake? Nzabandora alirudisha ngombe yeye mwenyewe, bila kuombwa. Muntu wa heshima, ule."

Védaste aliweka kinywaji chini. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na siku hiyo mjukuu alifika na kukaa naye meza moja. Hapohapo aliandika barua, fupi mara hii, kwa Daktari. Alieleza pigo la tano, akaeleza wale ishirini na saba ambao hawakupelekwa kwenye mashine, akaeleza kwamba alijua kabla ya kuondoka Masisi. Nyumba ya matofali hakuitaja. Aliikabidhi kwa dereva wa lori linaloshuka Walikale, akapanda lori linalopanda Masisi, juu ya magunia ya mchele, kopo la maziwa likigongagonga kwenye mfuko wake kila shimo la barabara.

Alifika Jumamosi mchana, na hakwenda kwake kwanza. Alimwomba Léonard amwite Kanyamibwa, naye akaenda moja kwa moja uani kwa Nzabandora. Nzabandora alikuwa mtu mfupi wa mikono mikubwa, asiyejua kukasirika haraka. Alimkaribisha, akamtolea kiti. Emérita alikuwa anamenya muhogo. Verdiane alikuwa pembeni na kisu chake, kwenye jiwe lake, mbali kidogo na ungo wa mama yake, na umbali huo mdogo ulikuwa umeshakuwa desturi ya nyumba. Kanyamibwa alipofika, alisimama kwenye mlango wa ua kama mtu asiyejua kama bado ana haki ya kuingia, mpaka Nzabandora alipomvuta mkono. Majirani, wenye pua za habari, walijaa kwenye ua wa mihogo.

Védaste alikataa kiti. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia mwanzo, mjumbe na baiskeli, pigo la tano, Thacienne na ungo wake, barua na madirisha. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, Kanyamibwa alimgeukia Verdiane.

"Mutoto yangu," Kanyamibwa alisema, sauti imemtoka nyembamba, "haukutuambia juu ya nini?"

Verdiane alijibu akikitazama kisu. "Ningesema namna gani, Papa? Kwa kueleza ile neno, ilipashwa niitaje. Nilifikiri Mama Thacienne ataelewa. Nilifikiri hata munganga ataelewa." Halafu aligeuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama Védaste usoni. "Mulisikia. Nilianza kusema Bartolomayo. Mulisikia ao hamukusikia?"

Angeweza kusema hapana. Watu walikuwa wengi siku ile, makelele yalikuwa mengi, kila mtu angemwamini.

"Nilisikia," alisema.

Emérita akatoa mlio mdogo, akafunika mdomo kwa mkono wenye unga wa muhogo. Nzabandora akamuuliza Kanyamibwa, taratibu, kama neno lake na watu wa Bweremana ni neno lililoshikana.

"Ngombe imeshafika kwao," Kanyamibwa alijibu. "Juzi. Banatuma hata pombe ya shukrani. Kaka, nitaivunja namna gani? Nitamuambia ule mutoto mwingine nini? Yeye pia hana kosa." Alivua kofia yake, akaikunja. "Kama ni ngombe ingine ya pole, chagua mu zizi yangu."

"Hatuuze pole," Nzabandora alisema, bila ukali.

Hapo kila mtu aliona palipofikia. Maji yalikuwa yamemwagika, na hakukuwa na wa kuyazoa. Védaste alisema, kwa sababu ilibidi aseme kitu, kwamba mashine iko zahanati, kwamba kesho ataanza kuwapima wote ishirini na saba, mara tatu kila mmoja, na Verdiane awe wa kwanza, ili angalau jina lake lisafishwe mbele ya watu.

Verdiane aliweka kisu chini, akafuta mikono.

"Mashine hapana. Muliniandika na mitume. Munifute na mitume. Kopo iko wapi?"

Lilikuwa mfukoni. Alilitoa pamoja na kijiko. Verdiane alisimama katikati ya ua, mikono kando, kichwa juu, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Petro. Andrea. Yakobo. Yohane."

Kijiko kikapiga mara ya tano.

"Filipo."

Alilisema kwa ile sauti yake ya kuita jembe ng'ambo ya mto. Watu wa uani walishtuka, mwanamke mmoja akashika kichwa. Mke halitaji jina hilo, mchumba halitaji. Anayeweza kulitaja hivyo, waziwazi, mbele ya mwenyewe, ni mtu wa nje, mpita njia, asiye na chochote katika nyumba ile. Kanyamibwa alipokea jina lake kama mtu anayepokea habari ya msiba, akainamisha kichwa. Hapo, na si kabla, ndipo uchumba ulipokufa. Ng'ombe angeweza kurudi mara kumi bila uchumba huo kufa.

Verdiane hakumtazama. Aliendelea, Bartolomayo, Tomaso, Matayo, akamaliza kumi na wawili, akaanza upya, akampita Filipo wa pili bila kupunguza mwendo. Aliingia mzunguko wa tatu. Védaste alipiga na kuhesabu, na kila pigo alitamani liwe la mwisho, na kila pigo likapata jina lake. Kwenye thelathini na tatu Verdiane alifunga mdomo mwenyewe, akiwa bado na pumzi ya kutosha kusema:

"Andikeni."

Védaste aliandika. Machozi yalikuwa yanashuka, lakini penseli haikukosea.

Emérita aliingia ndani, akatoka na chungu cha kasiksi iliyokuwa imetengwa kwa Noeli, akakiweka katikati. Akagawa mirija. Wa kwanza alimpa binti yake, kisha mumewe, kisha Kanyamibwa, ambaye aliupokea bila kuinua macho, kisha majirani. Verdiane alikunywa, akampa jirani yake mrija wake, na jirani akaupokea bila kuufuta.

Védaste alikuwa bado amesimama na kopo lake. Emérita akarudi ndani tena. Alitoka na kibuyu kidogo na mrija wenye uzi mwekundu, akamwekea vyote viwili kwenye mikono yake, wala hakusema neno baya. Akamwonyesha mahali pa kukaa, mwisho wa mkeka. Védaste akaenda akakaa pale, akanywa.